Posa Iliyorudishwa kwa Pikapu

Mikate ilikuwa imekwisha kupangwa mezani, mezkali, ile pombe kali ya mkonge, imemiminwa, na mshenga amemaliza maneno yake marefu ya kumwombea kijana jiko, ndipo Doña Eulogia, mama wa kijana, alipofungua kinywa akaiharibu shughuli.

"Nasi upande wetu tuna neno moja tu," alisema, mikono imetulia juu ya mtandio wake mweusi. "Kwetu San Melchor mkaza mwana huamka na jogoo, akasaga mahindi, akawasha moto. Haendeshi gari. Hawazungushi waume za watu milimani. Ile pikapu aiache huku huku Santa Prisca. Yeye aje na nguo zake."

Kuku waliokuwa wakidonoa mlangoni waliinua vichwa, ungedhani nao wamesikia.

Delfina alikuwa ameketi kando ya baba yake, kichwa kimeinama, kama anavyotakiwa kukaa mwanamke anayeposwa. Alikuwa ameinama hivyo tangu wageni waingie na vikapu vyao, mpaka shingo ikamuuma. Sasa aliinua uso. Hakumtazama Doña Eulogia. Alimtazama Abundio, kijana mwenyewe.

Abundio alikuwa amekaa baina ya wajomba zake, kofia iko magotini. Alivaa lile shati jeupe ambalo Delfina mwenyewe alimchagulia sokoni, akamwambia, "Chukua hili, maana ukilivaa unafanana na mtu anayesema kweli." Siku ile walicheka wote wawili. Leo shati lilikuwa lile lile, lakini aliyelivaa alikuwa anatazama kofia.

Sema, Delfina alimwomba moyoni. Neno moja tu, mpenzi. Lolote.

"Abundio," aliita polepole.

Abundio aliinua macho. Yalikuwa macho yale yale, meusi, mazito, yenye kope ndefu, ambayo kwa miaka miwili yalikuwa yakimfanya Delfina akosee gia kwenye kona anazozijua kama kiganja chake. Yalimtazama kwa mateso. Kisha yakahamia kwa mama, kisha yakarudi kwenye kofia.

"Mama amesema neno lake," alisema Abundio. "Hayo mengine... tutazungumza taratibu."

Taratibu! Neno lile lilimchoma Delfina kama mwiba, nalo likakatikia ndani. Akasimama.

"Rudisheni mikate," alisema.

Mshenga, mzee Don Filemón, alipaliwa na mezkali. "Binti yangu," alisema alipopata pumzi, "mikate ya posa hairudishwi. Tangu enzi za mababu, mikate huliwa kwanza, ndipo watu wanagombana."

"Basi leo itarudi haijaliwa."

"Hesiquio, mwambie mwanao!"

Don Hesiquio, baba yake Delfina, alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi katika hayo machache alikuwa ameyazika pamoja na mkewe. Aliitazama ile mikate mizuri ya mayai, yenye ufuta juu, akameza mate.

"Kuhusu hiyo gari mimi nilishamwambia mengi," alisema. "Nilimwambia asiiguse. Nilimwambia atatutia aibu. Sasa hiyo hiyo ndiyo inanipeleka kwa daktari wa macho. Mimi sina la kusema tena, Filemón."

Si kwamba watu wa Santa Prisca walikuwa wanalipenda gari kupita binadamu. Lakini zamani mwanamke wa kijiji kile alikwenda pale tu alipokwenda mwanamume. Lori la wanaume lilishuka sokoni Jumapili, nafasi ikawa ya magunia kwanza, wanaume baadaye, na wanawake kama imebaki. Mtoto akiugua Jumatatu, aliugua hadi Jumapili. Ukitaka kumwona mama yako kijiji cha pili, ulisubiri mumeo apate shughuli upande ule. Na waume, kwa bahati mbaya, huwa hawana shughuli upande wa mama mkwe. Ndipo wanawake wakakaa wakasuka kofia za ukindu, wakasuka na mikeka, wakasuka mpaka vidole vikaota sugu, wakanunua pikapu moja kuukuu ya buluu. Ilipofika uwanjani, wakagundua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyejua kuiendesha. Delfina akanyoosha mkono. Alikuwa na miaka thelathini, umri ambao watu wa Santa Prisca hawakuulizi tena utaolewa lini, wanauliza tu kama umekula.

Na kwenye pikapu hiyo ndiko Abundio alikompata. Alikuwa anarudi kutoka kaskazini, ng'ambo ya mpaka, alikokwenda kuchuma stroberi katika mashamba ya watu, amesimama njia panda na sanduku moja. Alipanda, gari likanasa kwenye tope, na Delfina akachungulia dirishani akamwambia, "Wewe wa sanduku, shuka usukume." Abundio alisukuma mpaka akafanana na tofali bichi. Kisha akauliza kama na kesho gari litanasa, maana angependa kuwapo.

Mtu huyo ndiye sasa alikuwa anakusanya mikate mezani, mmoja mmoja, akiirudisha kikapuni kana kwamba anazika kitu.

Wageni waliinuka kwa fedheha. Lakini fedheha nayo inahitaji usafiri. Lori lililowaleta kutoka San Melchor lilikuwa limekwenda kubeba mchanga, dereva ameagizwa arudi jioni, kwani nani angedhani posa itakwisha kabla chakula hakijapakuliwa? Don Filemón na wajomba waliamua kukata kwa njia ya miguu, korongoni. Doña Eulogia aliitazama ile njia ya mawe, akayatazama magoti yake.

"Mimi nitakaa barabarani nisubiri," alisema, kidevu juu.

"Na jua hili?" alisema Don Hesiquio. Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, posa umeikataa, sawa. Lakini mgeni hatupwi barabarani."

Delfina alikuwa ameshachukua ufunguo. "Nitampeleka," alisema. "Kupeleka watu ndiyo kazi yangu."

Abundio alikuwa amekwisha kupakia vikapu nyuma, mkono wake uko kwenye mlango wa mbele.

"Mbele ni kwa mama," Delfina alimwambia bila kumtazama. "Wewe panda nyuma, na mikate yako."

*

Barabara ya San Melchor inauzunguka mlima kwa ubavuni. Upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu. Doña Eulogia alishika mlango kwa mkono mmoja, rozari kwa mkono wa pili.

"Unakwenda mbio," alisema.

"Nakwenda ishirini, Doña Eulogia."

"Basi ishirini ni nyingi."

Delfina akapunguza. Katika kioo kidogo cha juu alimwona Abundio kule nyuma, amekaa miguu imetanuka, amekumbatia vikapu ili mikate isirukeruke, vumbi limemjaa nywele. Alikuwa anamtazama kupitia kioo kile kile. Delfina akahamisha macho barabarani. Alipoyarudisha, bado alikuwa anatazamwa. Akakigeuza kioo pembeni asimwone. Baada ya kona mbili akakirudisha mahali pake. Dereva mzuri, alijiambia, hawezi kwenda bila kioo.

Penye kona ya mwerezi msichana mmoja aliyeolewa karibuni alikuwa amesimama na rundo la kofia kichwani. Delfina akasimama, msichana akarukia nyuma kwa Abundio, akapiga paa la gari kwa kiganja kuonyesha yuko tayari. Doña Eulogia alishusha kioo cha dirisha, akatoa kichwa.

"We binti! Mumeo anajua umetoka?"

"Akirudi shamba akanikosa, basi atakuwa amejua!" alijibu yule msichana, akacheka mpaka kofia zikataka kumwanguka.

Doña Eulogia akarudisha kichwa ndani. Delfina alisubiri aanze kulaumu. Hakulaumu. Msichana aliposhuka kwa mnunuzi wa kofia, Doña Eulogia alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya ukuta.

"Na wewe," aliuliza hatimaye, sauti imeshuka, "ukitaka kwenda mahali, unakwenda tu?"

"Kama mafuta yapo."

"Humwulizi mtu?"

"Namuuliza baba kama kuna kitu anataka nimletee."

Mama mtu akaingia katika rozari yake tena. Vidole vilikuwa vinahesabu, lakini midomo ilikuwa imesimama.

Walifika njia panda, pale barabara ya pili inapoachana na ile ya San Melchor na kupanda kuingia misonobari. Delfina aliipita kama kawaida. Ndipo akahisi mkono mkavu umemshika juu ya kiwiko.

"Simama."

Akakanyaga breki. "Kuna nini, Doña Eulogia? Unajisikia vibaya?"

"Ile njia inakwenda Llano Quemado."

"Ndiyo."

"Nina dada kule."

Delfina akazima gari. Aliwajua ndugu wote wa Abundio kwa majina, hai na wafu, na huyu hakuwahi kumsikia. "Sikujua," alisema.

"Hata mimi nilikuwa nimeanza kusahau." Doña Eulogia alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo kichafu. "Natividad. Aliolewa kule mimi nikiwa na mimba ya huyu aliyeko nyuma. Marehemu mume wangu aliniambia, 'Tutakwenda mavuno yakiisha.' Hakuwa mtu mbaya, usinielewe vibaya. Mavuno yakaisha. Yakaja mengine, yakaisha. Halafu akaisha yeye."

"Na Abundio? Ungemwambia angekutafutia gari."

"Ningemwambia angesema ndiyo. Tangu arudi, kila ninachosema yeye ni ndiyo, mama. Mtu wa ndiyo kwa kila kitu, unaona haya kumwomba. Hujui lipi analitaka na lipi anakuhurumia." Akameza mate. "Ni mbali sana?"

"Llano Quemado? Nusu saa. Kukiwa na tope, zaidi kidogo."

"Nusu saa."

"Ndiyo."

"Nusu saa tu?" Kidevu chake, kile kidevu kilichokuwa juu tangu asubuhi, kilishuka. "Miaka yote hii mimi nilidhani ni mbali."

Delfina akageukia usukani. Aliwasha gari, akaingiza gia ya nyuma. Moyo wake, ambao alikuwa ameukaza kama nati, ulikuwa unalegea bila ruhusa yake, na hilo lilimkasirisha.

Kule nyuma Abundio aliona misonobari inamjia badala ya bonde la kwao. Akagonga kioo. "Mama! Mbona tunapinda? Delfina, kuna nini?"

Doña Eulogia aligeuka akamtazama kupitia kioo.

"Tulia huko!" alimpigia kelele. "Mzigo hauulizi njia!"

*

Mwanamke mmoja mfupi, mnene, mwenye mvi, alikuwa amechuchumaa uani anachambua maharage kwenye ungo. Aliona kivuli cha gari, akaona mtu wa shati jeupe anashusha vikapu vya mikate.

"Leo sinunui mkate," alisema bila kusimama. "Wa juzi bado upo, na ulikuwa mgumu."

Doña Eulogia alikuwa amesimama penye ua.

"Nimesema sinunui," yule mwanamke alirudia.

"Nati," alisema Doña Eulogia. "Bado unachanganya mabovu na mazima."

Yule mwanamke aliinua kichwa. Alitazama kwa muda mrefu, mkono juu ya macho kuzuia jua. Kisha ungo ukamtoka, maharage yakamwagika.

"Eulogia? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umefikaje?"

"Nimeletwa." Akaonyesha kwa kidevu. "Na huyu binti."

Walikumbatiana pale pale juu ya maharage, wakiyaponda kwa miguu, wakilia na kupigana migongo kama wanaozozana. "Umezeeka, mbaya wewe." "Na wewe je? Umekuwa kama mtungi." Delfina aligeuka akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akajifanya anaangalia maji. Maji yalikuwa tele.

Akasikia nyayo.

"Delfina."

"Usiegemee hapo, pana moto."

"Nisikilize."

"Tangu asubuhi ninakusikiliza. Sijasikia kitu."

Abundio alisimama upande wa pili wa injini, vumbi limemfanya mzee. "Baba alipokufa nilikuwa kaskazini," alisema. "Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba niliondoka nimegombana na mama. Alinikataza, nikampandishia sauti, nikafunga mlango kwa kishindo. Habari ya baba ilinifikia amekwisha kuzikwa. Mama alimzika mumewe na majirani, Delfina. Mwanaye hayupo. Niliporudi nikaapa kwamba sitampinga tena, hata kwa neno."

"Kiapo kizuri," alisema Delfina polepole. "Na mimi, katika hicho kiapo, uliniweka wapi?"

Abundio alikuwa anakwangua kutu kwenye ukingo wa gari.

"Niambie."

"Kuna na lingine," alisema Abundio, akitazama chini. "Naogopa. Wewe unakwenda utakako. Mimi miaka yote nchi ya watu nilibebwa, kwenda shamba na kurudi, kama hayo masanduku ya stroberi. Hata usukani sijui kuushika. Nikikaa nawaza, mwanamke kama huyu ananihitaji mimi kwa nini?"

Hasira ilimwondoka Delfina. Ikabaki ile iliyokuwa chini yake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilitaka kulia.

"Sikukuhitaji kwa ajili ya barabara," alisema. "Barabara naijua. Watu wamenisema, Abundio. Wamesema nimekuwa dume, wamesema nani atanioa nanuka mafuta ya gari, na sikujali. Napiga honi napita. Leo nilijali. Leo niliumia, kwa sababu aliyenyamaza ni wewe."

Abundio aliuzungukia mdomo wa gari, akauchukua mkono wake. Ulikuwa na grisi. Akavuta pindo la shati lake jeupe, akaanza kuufuta, kidole kimoja kimoja, taratibu kama anayeosha mtoto.

"Utaliharibu," alisema Delfina, lakini hakuuondoa mkono.

"Acha liharibike." Alifuta kidole cha mwisho, akabaki amekishika. "Nakupenda. Kule shambani nilikuwa nafikiri nimesahau kutaka kitu. Halafu ukaniambia nishuke nisukume."

Delfina alicheka kidogo, machozi yakapata njia. Akayapangusa kwa bega.

"Najua unanipenda," alisema. "Lakini hilo unaniambia hapa, pembeni ya gari, anayesikia ni mbuzi tu. Neno nililolitaka lilikuwa la mbele za watu. Na hata ungelisema, hata mama yako angekubali, bado. Gari hili si langu. Ni la wanawake wa Santa Prisca. Nikihamia kwenu San Melchor, nani atawashusha? Wamesuka miaka, halafu mimi niolewe niondoke na funguo? Hilo ulishalifikiria?"

Abundio hakuwa amelifikiria. Delfina aliliona jambo lile likimwingia machoni, likazama, likafika chini. Kisha Abundio akamwachia mkono, akageuka, akaielekea nyumba kwa hatua ndefu.

Delfina alibaki amesimama. Basi, alijiambia. Imekwisha. Alifunga boneti, akaegemea mlango wa gari mpaka pumzi ikarudi, halafu akaenda kuaga, kwa sababu alilelewa kuaga.

Jikoni kulikuwa na moshi, na ndugu wawili wamekaa karibu karibu kwenye viti vifupi, Natividad anageuza tortilla, mikate bapa ya mahindi, juu ya kikaango cha udongo, Doña Eulogia amekumbatia kikombe cha uji wa mahindi. Abundio alikuwa amesimama kizingitini, ameupa ua mgongo.

"Ingia au toka," mama yake alikuwa anamwambia. "Unarudisha moshi."

"Mama, asubuhi ulisema neno, nami nikanyamaza."

"Nilikuwapo."

"Nilimkosea Delfina. Nikakukosea na wewe, kwa maana nilikuacha ukidhani nimekubali." Sauti ilikuwa inakwama, lakini iliendelea kwenda, kama gari bovu linalopanda mlima. "Delfina hataliacha gari. Mimi mwenyewe sitaki aliache. Na kwa kuwa gari ni la Santa Prisca, atakayehama ni mimi. Nitalima na Don Hesiquio kama atanikubali. Kwako nitakuja kila Jumapili, na kila utakaponiita. Nakuheshimu, mama. Lakini hili, hapana."

Natividad aliacha kugeuza tortilla.

"Hapana," alirudia Doña Eulogia, kama mtu anayeonja chumvi ya chakula. Akamgeukia dada yake. "Umesikia, Nati? Tangu arudi, leo ndiyo mara ya kwanza ananiambia hapana. Nilikuwa nimeanza kudhani kule kaskazini wamenirudishia mtu mwingine."

"Mama, nasubiri jibu."

"Jibu la nini? Kwani umeuliza? Umesema." Akachungulia kando ya bega la mwanawe, akamwona Delfina amesimama uani na macho mekundu. "Binti, sogea usimame kwenye mwanga. Mimi leo nalala hapa. Alhamisi uje unichukue. Uje mapema, jua halijawa kali. Na usiende mbio."

"Ndiyo, Doña Eulogia."

"Na hili la mwanangu kuhama sijalipenda. Nitalalamika. Nitalalamika sana. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

"Lalamika tu, mama," alisema Delfina.

Neno lile, mama, lilimtoka lenyewe. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Doña Eulogia aliinamia kikombe chake, akapangusa jicho, akalaani moshi.

Natividad alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo zima, mkono uko ubavuni. "Lakini San Melchor watamcheka mpaka waumwe mbavu! Mwanamume kuhamia kwa mke! Kupelekwa sokoni na mke! Watasema nini? Watasema Abundio kaolewa!"

Uso wa Abundio ulishika moto hadi masikioni. Delfina aliuona, akaogopa, kwa sababu alijua wanaume wengi wameacha mengi kwa kuogopa kicheko kama kile. Abundio aligeuka pale kizingitini. Safari hii hakutazama chini, wala hakumtazama mama.

"Watakuwa wamesema kweli," alisema. "Delfina wa Hesiquio, mshenga sina, ameteremka na korongo. Naomba kwa mdomo wangu mwenyewe, na hawa wawili wanasikia. Nioe."

Delfina alimtazama, shati limechafuka grisi, nywele zimejaa vumbi, macho hayakimbii. Alitaka kusema jambo zuri, jambo refu, nalo halikuja.

"Mjibu mwenzio, binti," alisema Doña Eulogia kutoka motoni. "Tortilla zinaungua."

"Basi," alisema Delfina, "nimekuoa."